Mtego wa kunguru wa ngazi: unanasa kweli, ila si kwa namna unavyouzwa

Fundi yeyote wa kuchomelea anayejua kutengeneza geti anaweza kukutengenezea mtego wa kunguru wa ngazi. Ni banda la wavu ambalo mtu mzima anaingia, ila paa lake halikuinuka katikati. Limeshuka kutoka pande mbili na kukutana kwa ndani, na pale linapokutana pamelazwa ngazi. Kunguru anatua juu ya ngazi, anaona chakula chini, anakunja mbawa na kujidondosha kati ya vipandio. Akitaka kutoka lazima aruke, akiruka lazima akunjue mbawa, na mbawa zikishakunjuliwa hazipiti. Hakuna mlango unaofyatuka, hakuna springi, hakuna kamba ya kuvuta. Ndiyo maana mtego mmoja unaendelea kunasa kutwa nzima bila mtu kuugusa.

Wanaouagiza Dar es Salaam wanajulikana: migahawa ya ufukweni kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi ambako mgeni akigeuka tu chipsi zimeondoka, wafugaji wa kuku wa kienyeji wanaopoteza vifaranga, shule ambazo watoto wanakula nje, na majiko yaliyo karibu na masoko ya samaki. Malalamiko yao nayo yanafanana. Wiki za mwanzo banda lilijaa, baadaye haingii hata mmoja, na kunguru wanakaa juu ya paa wakiangalia tu.

Kwa hela anayotoa mtu kupambana na kunguru mjini hapa, hiki ndicho kifaa cha kununua. Vingine karibu vyote vinavyouzwa havifikishi mwezi. Lakini fundi anakuuzia nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua ndege unayemtega, maana yeye anakujua wewe tangu siku ya kwanza.

Unamtega nani

Anayezungumziwa hapa ni yule mwenye shingo ya kijivu, ambaye mtaani anaitwa kunguru wa Zanzibar ingawa kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka hadi bara na kuenea pwani yote. Urefu wake ni kama sm 40 kutoka mdomo hadi mkia, na uzito ni kati ya gramu 250 na 350. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe, ni mkubwa kuliko yeye, na mjini amesukumwa pembeni na huyu mgeni. Akiingia mtegoni huyo mwenye weupe, muachie mara moja. Yeye si adui wa mtu.

Kunguru wa shingo ya kijivu anaishi kwa ratiba ya binadamu. Anajua kengele ya mapumziko ya shule, anajua mashua za Feri zinaingia saa ngapi, anajua mlango wa nyuma wa mgahawa unafunguliwa lini na nani anatoka na ndoo. Mkate mkavu anaupeleka kwenye maji, anauchovya, anasubiri ulainike, ndipo anakula. Akishiba anaficha kilichobaki chini ya majani au kwenye vigae, na anarudi palepale. Kiota chake mjini kina vijiti pamoja na waya wa kufungia nondo aliookota kwenye majengo yanayojengwa.

Jambo linalomgusa zaidi mnunuzi wa mtego ni kumbukumbu ya sura. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle nchini Marekani, pamoja na wenzake, walivaa kinyago cha mtu wa pangoni, wakanasa kunguru 7, wakawavika pete na kuwaachia. Tangu hapo mtu yeyote aliyepita pale chuoni amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru. Kinyago kingine, ambacho hakikuhusika na unasaji, hakikupata zomeazomea ya namna hiyo. Miaka ilivyosonga, waliokuwa wakizomea walikuwa wengi kuliko wale 7. Waliobaki walikuwa wamefundishwa na wenzao, na vifaranga wamefundishwa na wazazi. Wale ni kunguru wa jamii ya Marekani, si huyu wetu, ila muulize mlinzi yeyote wa hoteli ya ufukweni aliyewahi kushika manati. Atakuambia akitokea yeye tu kelele zinaanza, mgeni akipita wananyamaza.

Kwa hiyo mtego wa ngazi unafanya kazi kwa sababu ya akili ya kunguru, wala si kwa kuizidi. Kunguru haamini chakula, anaamini kunguru mwingine anayekula kwa utulivu. Akiona wenzake ndani ya banda wanadonoa, anaona mahali salama. Akiona mwenzake anapiga kelele mkononi mwa mtu, anaona mahali pa kifo na anawatangazia wengine. Banda ni lilelile, wavu ni uleule. Kilichobadilika ni habari tu.

Vifaa vingine, kwa haraka

Bundi wa plastiki ni hela ya siku chache. Kunguru anamzunguka, anamzomea, anagundua hageuzi shingo, kisha anatua kichwani kwake. Ukimhamisha kila siku utapata wiki mbili tatu. CD za kung'aa zilizofungwa kwenye kamba zinaishia vilevile.

Vile visanduku vya kuchomeka kwenye umeme vinavyosemekana kutoa sauti isiyosikika na binadamu, visinunuliwe kabisa. Sikio la binadamu linafika karibu kilohezi 20, na visanduku hivyo vinadai kupiga juu ya hapo. Ndege wengi wanasikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 1 na 4, na sauti inayopita kilohezi 10 wengi wao hawaipati. Sauti isiyosikika na wewe haisikiki na yeye pia.

Sumu iko, ile inayojulikana kama Starlicide, iliyotengenezwa Marekani. Inaua taratibu, ndege anakufa saa nyingi baada ya kula, mara nyingi akiwa kwenye mti anakolala. Hiyo ni kazi ya mamlaka na wataalamu wenye kibali, si ya mwenye nyumba. Anayeweka sumu ya panya kwenye nyama na kuitupa uani anaua paka, mbwa, mwewe na kuku wa jirani kabla ya kumpata kunguru hata mmoja.

Kitu pekee kinachostahili kununuliwa pamoja na mtego ni pipa la taka lenye mfuniko wa kufungika kwa komeo. Jiwe juu ya mfuniko halitoshi. Mjini Sydney, Australia, watafiti walifuatilia kasuku weupe wenye kishungi waliojifunza kufungua mapipa ya taka. Kabla ya 2018 tabia hiyo iliripotiwa kwenye vitongoji 3, kufika mwisho wa 2019 ilikuwa kwenye vitongoji 44, na ilisambaa kwa ndege kutazamana. Komeo la kuzungusha linataka mkono. Jiwe linataka kusukumwa tu.

Vipimo vya kumpa fundi

Hapa ndipo mitego mingi inaharibikia, kwa sababu fundi anaangalia picha kwenye simu na kukadiria. Mpe vipimo vya maandishi: urefu sm 240, upana sm 180, kimo cha kuta sm 180. Paa lishuke kutoka kuta mbili ndefu hadi kwenye ngazi iliyoko sm 120 kutoka chini. Ngazi iende urefu wote wa banda, upana wake sm 40, na vipandio vyake viwe nondo za mm 8 au mbao nyembamba.

Nafasi kati ya kipandio na kipandio ni sm 15. Usimruhusu fundi kuongeza "kidogo". Ikipungua chini ya sm 12 kunguru anasita na kuondoka, ikikaribia sm 20 anajifunza kutoka. Kosa lingine ni kuacha nafasi zote wazi mpaka kwenye kuta za mwisho. Kunguru aliye ndani hupanda kwa kucha kwenye wavu wa ukuta, anafika juu pembeni, na kama kuna nafasi pale anajipenyeza bila kuhitaji kuruka. Ziba nafasi za miisho yote miwili kwa wavu, acha wazi za katikati tu, 6 hadi 8 zinatosha.

Chini ya kingo za ngazi ning'iniza nyaya ngumu zilizonyooka, kila moja sm 25 hadi 30, zikiachana kama sm 10. Hizi ndizo zinazosahaulika kuliko kitu chochote. Kunguru anayeshuka hazimzuii, anayejaribu kuruka kwenda juu zinamgusa mbawa na anarudi chini. Mtego usio na nyaya hizi utapoteza wale werevu zaidi, yaani walewale watakaokwenda kuwaonya wenzao.

Fremu ya skwea paipu ya inchi 1 inatosha, ila ipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na sehemu zilizochomelewa zipigwe mara mbili, kwa sababu upepo wa bahari unaanzia pale kula chuma. Mbao za mbili kwa mbili ni nafuu na zinafaa mbali na ufukwe. Tofauti kubwa iko kwenye wavu. Wavu wa kuku uliosokotwa ni wa bei ndogo lakini kunguru wakiwa wengi wanauvuta kwa midomo mpaka matundu yanapanuka, na karibu na bahari haumalizi mwaka mzima. Wavu wa vyuma vilivyochomelewa, wa tundu la inchi 1, unagharimu zaidi na unalipa. Rangi ya kijani iliyofifia au kijivu ni bora kuliko fedha inayong'aa.

Mlango wa sm 60 kwa 120 ufungukie ndani, uwe na komeo na kufuli. Chini, laza wavu wa upana wa sm 30 kuzunguka banda lote kwa nje na uupigilie ardhini, la sivyo nguchiro, paka na kenge watachimba na kuingia. Ndani weka fito mbili za kutulia, kwa kimo cha sm 60, moja kila mwisho wa banda na si chini ya ngazi. Upande mmoja ezeka makuti au funga turubai la kivuli. Weka beseni la maji la lita 5, zito, lisipinduke.

Kuuanzisha

Toa taarifa kwanza serikali ya mtaa na ofisi ya maliasili ya manispaa, majirani nao wajue. Kisha chagua mahali wanapokula tayari, peupe, pasipopitwa na watu, mita 10 au zaidi kutoka kwenye ukuta na miti yenye kivuli kizito. Banda lililofichwa chini ya mwembe halinasi, kwa sababu kunguru anataka kuliona kutoka juu na kuzunguka pande zote kabla ya kutua.

Wiki ya kwanza usinase. Kaza mlango kwa kamba ubaki wazi, weka chakula nje ya banda, juu ya ngazi na ndani. Waache waingie na kutoka kwa mlango mpaka banda liwe sehemu ya chakula chao. Watu wengi wanairuka hatua hii na ndiyo inayowagharimu. Siku ya nane ondoa chakula cha nje, funga mlango, acha cha ndani na kidogo juu ya ngazi.

Chambo kionekane kwa mbali. Mayai meupe yaliyopasuliwa upande mmoja, utumbo wa kuku, vichwa vya samaki, vipande vya mkate. Badilisha kila siku, kwa sababu joto la Dar linakifanya kiwe funza na harufu inawaleta kenge kabla ya kunguru. Na wakati huo mapipa ya jirani yote yawe yamefungwa. Mtego unaoshindana na jalala la wazi unashindwa.

Ukiweza kupata kunguru wawili watatu kutoka mtego mwingine, waweke ndani tangu siku ya kufunga mlango. Hao ndio wa kuitia. Siku zote wabaki 4 hadi 6. Chagua waliotulia na wanaokula. Aliyeumia, anayepigapiga wavu au anayelia mfululizo atolewe usiku uleule. Wanahitaji maji, chakula na kivuli kila siku bila kukosa, Jumapili ikiwemo. Anayeshindwa kufika kila siku asinunue mtego. Ndege waliokufa kwa kiu ndani ya banda ni ukatili usio na sababu, na mizoga yao inaufunga mtego huo kwa miezi.

Kuwatoa

Hii ndiyo sehemu iliyoamua mafanikio ya kila mtego unaodumu. Usitoe kunguru mchana. Usiku, giza likishakaza, wale wa nje wamekwenda kwenye miti yao ya kulala na wale wa ndani wametulia kwenye fito. Ingia na tochi hafifu, funika banda kwa turubai kama kuna taa za barabarani, chukua mmoja mmoja na uweke kwenye kizimba kilichofunikwa. Anayefanya kazi hii avae koti lilelile, kofia na kitambaa cha uso, na asivae hivyo wakati mwingine wowote. Mhudumu anayewapelekea maji mchana awe mtu mwingine. Mpishi wa hoteli asihusike kabisa, maana atazomewa jikoni kwake mwaka mzima.

Kuua kufanyike mbali na pale, kwa kuvunja shingo, na mtu aliyefundishwa. Inachukua sekunde moja. Kuwazamisha kwenye maji au kuwaacha kwenye kiroba juani hakukubaliki. Glavu na barakoa ni lazima, kwa sababu ndege hawa wanashinda majalalani na wanabeba vijidudu vya kuharisha. Mizoga izikwe kwenye shimo refu siku hiyohiyo, isiachwe kwa mtu wa kuibeba.

Unapoacha kunasa

Mtego ukianza vizuri kisha ukakauka, mara nyingi umeshamaliza wale wachanga, ambao siku zote huingia kwanza. Waliobaki ni wakubwa, na huenda wameona kitu. Dawa yake si kuongeza chambo. Fungua mlango, acha banda likae wazi lenye chakula kwa wiki mbili, au lihamishe mita 100 na kuanza upya. Badilisha pia mtu wa koti. Mtego unaonasa wachache kila siku katika sehemu mbili zinazopokezana unashinda ule unaosimama mahali pamoja ukiwa umejaa mwezi mmoja.

Kama wanaingia lakini asubuhi hawapo, pima nafasi za vipandio kwa futi, maana nondo zilizofungwa kwa waya badala ya kuchomelewa husogea. Angalia nyaya za kuning'inia kama zimepinda, na kona za juu kama wavu umeachia. Kama hawatui kabisa, tafuta kinachowatisha karibu: mfuko wa plastiki unaopepea, mbwa aliyefungwa jirani, au bundi wa plastiki aliyesahaulika juu ya paa.

Kabla hujamlipa fundi, panda kwenye kigoda ukiwa na boksi la karatasi gumu la upana wa sm 14 na lingine la sm 17. La kwanza lipite kati ya kila kipandio bila kulazimishwa, la pili ligome. Kisha ingia ndani, funga mlango, na usukume wavu kwa mkono kila kona. Mwambie akukatie na nyaya za kuning'inia za akiba kama 10 hivi, kwa sababu hizo ndizo zitakazopinda kwanza.